Leseni ya madini imekufa, tangazo la kubadili matumizi limebandikwa: shamba la mama limekaa wapi?

#1 Mwana wa Zabibu

Mbukwenyi wakuu.

Kwenye ubao wa ofisi ya mtendaji kijijini kwetu, upande wa Chamwino, wiki hii zimebandikwa karatasi mbili. Moja ni orodha ya leseni za madini ambazo hazina nguvu tena. Nyingine inasema kuna kusudio la kubadili matumizi ya ardhi upande wa mashariki wa kijiji, kutoka kilimo kwenda makazi, biashara na viwanda vidogo, na mwenye pingamizi alipeleke kwa maandishi.

Shamba la mama liko upande huohuo wa mashariki. Ni heka sita.

Mwaka 2015 walikuja vijana wa kampuni moja ya utafiti. Walichimba mitaro mitatu, wakapaka mawe rangi nyekundu, wakabeba udongo kwenye mifuko, na hatukuwaona tena. Aliyekuwa anawaongoza, mtu wa hapohapo kijijini, alimwambia mama asithubutu kupanda zabibu kwa sababu eneo "lina leseni" na mazao ya kudumu yatang'olewa bila fidia. Mama akatii. Tangu hapo ni uwele na alizeti tu, wakati majirani zetu wa Hombolo na Mpunguzi wanavuna zabibu mara mbili kwa mwaka.

Nauliza mambo mawili. Leseni ikifa, ardhi inarudi kwa nani? Na hizi karatasi mbili zimekutana kwa bahati au kuna mtu kazipanga?

#2 Kokoto Ngumu

Zimepangwa, mkuu. Mji unakuja huko kwenu. Angalia barabara ya mzunguko, kilomita 112.3, imezunguka jiji lote. Kuna reli ya SGR, kuna uwanja wa ndege wa Msalato, kuna Mji wa Serikali pale Mtumba. Hakuna atakayepima viwanja juu ya leseni ya mtu. Leseni inaondolewa kwanza, halafu mchoro unapita. Ukiona karatasi ya kwanza, ya pili iko njiani. Kwenu zimefika pamoja tu.

#3 Jiwe la Kijani

Kokoto, sikubaliani na wewe. Mimi nanunua krisopresi ya Haneti, lile jiwe la vito la kijani, mwaka wa kumi na mbili sasa, na leseni hufa kila siku bila kiwanja hata kimoja kupimwa.

Mwenye uzi, rudi ubaoni usome neno lenyewe. Kuna leseni *iliyoisha muda*, kuna *iliyofutwa*, na kuna *iliyorudishwa* na mwenyewe. Iliyoisha muda imekufa kifo chake. Iliyofutwa ni ya mtu aliyepewa hati ya makosa, labda hakulipa ada ya mwaka au hakuendeleza eneo, akaachiwa muda wa kujirekebisha, akakaa kimya. Iliyorudishwa, mwenyewe aliona hakuna kitu akaiachia. Usipolijua neno huwezi kujua kama mwenye leseni ana pa kukatia rufaa au kesha ondoka moja kwa moja.

#4 Mwana wa Zabibu

Asante Jiwe. Nimetuma kijana akapiga picha. Nyingi zimeandikwa "zilizoisha muda", chache chini kabisa "zilizofutwa". Ya kwetu iko kwenye kundi la kuisha muda na namba yake imeanza na PL.

#5 Sura ya 123

PL ni leseni ya utafutaji. Haimruhusu mtu kuchimba na kuuza, inamruhusu kutafuta tu. Kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inatolewa kwa miaka isiyozidi 4. Ikihuishwa mara ya kwanza ni 3, mara ya pili ni 2. Kama waliingia 2015 na kuhuisha kila hatua, ilibidi ifike ukingoni 2024. Kwa hiyo hakuna aliyeiua ili kupisha jiji. Imezeeka.

Swali lako la kwanza ndilo lililonigusa zaidi. Umeuliza ardhi inarudi kwa nani. Ardhi haikuondoka, ndugu yangu. Leseni ya madini inampa mtu haki juu ya kilichomo chini. Uso wa shamba ulibaki wa mama yako siku zote. Zaidi ya hapo, kifungu cha 95 kinamkataza mwenye leseni kufanya kazi ndani ya mita 200 kutoka kwenye nyumba ya mtu, au mita 50 kutoka kwenye ardhi iliyolimwa au yenye mazao, bila ridhaa ya maandishi ya mmiliki halali. Akiharibu mazao, analipa fidia. Mama alikuwa na haki ya kupanda zabibu, mpera, chochote.

#6 Mwana wa Zabibu

Sura ya 123, nimesoma ujumbe wako nikamsomea mama kwa simu. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akaniuliza, "Kwa hiyo ile mitaro walitakiwa kuniomba?"

Nikamjibu ndiyo, mama. Tena kwa maandishi.

4, 3 na 2 ni 9. Mzabibu unaanza kuzaa vizuri mwaka wa pili au wa tatu. Sitaki hata kupiga hesabu ya hela.

#7 Kijana wa Kibaigwa

Poleni, ila tusimdanganye mama. Ardhi yote Tanzania ni ya Serikali, hamna cha shamba la mama wala la baba. Serikali ikitaka inachukua. Halafu leseni zina miaka mitano mitano, hiyo 4, 3, 2 sijawahi kuisikia na mimi nina mjomba mchimbaji.

#8 Mzee wa Mkonze

Kibaigwa, mjukuu wangu, nakusahihisha kwa upendo.

Ardhi ni ya umma, na Rais ameshikilia kama mdhamini kwa niaba ya wananchi wote. Mdhamini si mwenye mali. Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, zinatambua haki ya mtu anayeitumia ardhi kwa mila hata kama hana karatasi. Madini nayo ni hivyohivyo tangu marekebisho ya 2017, ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais. Kwa hiyo udongo na jiwe vyote vina mdhamini mmoja, lakini haki ya kuvitumia inagawiwa na ofisi mbili tofauti. Mkanganyiko wote unaanzia hapo.

Na mitano ya mjomba wako ni ya sheria ya zamani, ya 1998, tena kwa leseni ndogo. Siku hizi leseni ndogo ya uchimbaji, hiyo PML, ni miaka 7, kwa Mtanzania tu, na eneo halizidi hekta 10.

#9 Kijana wa Kibaigwa

Sawa babu, nimekuelewa. Ila mjomba leseni yake kapata juzi tu.

#10 Jiwe la Kijani

Basi mwambie mjomba aisome vizuri, huenda ana miaka miwili ya ziada hajui.

#11 Rubi ya Winza

Nimekuwa nikisoma kimya, acha nitoe langu.

Mimi ni mtu wa Mpwapwa. Rubi ya Winza ilipolipuka 2008 nilikuwa darasa la sita. Watu walitoka Arusha, Thailand, Sri Lanka, kijiji kikawa mji wa maturubai ndani ya miezi. Baba alikuwa na shamba la mahindi pembeni ya korongo. Hakuna aliyemuuliza. Kila asubuhi alikuta shimo jipya. Akienda kulalamika anaambiwa eneo la mtu fulani, lina leseni. Akimtafuta huyo mtu fulani, anaambiwa leseni ni ya mwingine. Hakuwahi kuonyeshwa karatasi hata moja.

Neno "lina leseni" limefanya kazi kubwa sana mikoa yetu ya kati. Mtu akilitamka, mkulima anakunja jembe. Wala haulizi leseni ya aina gani, ya nani, inaanzia wapi na kuishia wapi. Mama wa Mwana wa Zabibu ni baba yangu kabisa.

Mashimo mengine ya pale kwetu yapo wazi hadi leo. Ng'ombe wetu wawili waliingia humo.

#12 Mpima Mipaka

Wakuu, mimi ni fundi wa upimaji, naongeza jambo ambalo halijaguswa. Mwana wa Zabibu, una uhakika shamba la mama lilikuwa *ndani* ya hiyo leseni?

Leseni hazifuati mipaka ya vijiji. Ni maumbo ya pembe yanayofuata kaskazini, kusini, mashariki na magharibi, yamechorwa kwa koodineti. Leseni moja inaweza kukata nusu ya kijiji, ikagusa mto, ikaacha mlima. Na kuna mtego hapo. Koodineti za leseni zetu, hasa za zamani, zimeandikwa kwa mfumo wa zamani wa ramani, Arc 1960. Simu yako inasoma mfumo mwingine, WGS84 wa GPS. Ukizichukua namba ubaoni ukaziingiza kwenye simu bila kuzigeuza, utakosea karibu mita 300, zaidi kwa upande wa kaskazini na kusini. Mita 300 kwa shamba la heka sita ni shamba lote na la jirani.

Nimeona watu wamegombana miaka kwa kosa hilo. Mmoja anasema niko ndani, mwingine anasema uko nje, na wote wanasoma namba zilezile.

#13 Mwana wa Zabibu

Mpima, umenimaliza. Kwa hiyo inawezekana hatukuwahi kuwa ndani?

#14 Mpima Mipaka

Inawezekana. Na inawezekana mlikuwa ndani kabisa. Nitumie koodineti zote za kona na kona moja ya shamba kwa ujumbe wa faragha, nikugeuzie. Sihitaji hela.

#15 Kokoto Ngumu

Mnazunguka sana wakuu. Nakubali kuna leseni zinakufa kwa uzee. Lakini karatasi ya pili mmeiacha, na ndiyo itakayomtoa mama. Huyo wa madini hakuwa na uwezo wa kumhamisha bila kufuata taratibu. Mipango miji ndiyo yenye uwezo.

#16 Bibi Shamba

Kokoto kasema kweli hapo, tumsikilize.

Mimi nilizaliwa kijijini. Leo naishi mtaani na sijahama hata hatua moja. Mipaka ya jiji ilitufuata. Kijiji kilikuwa na mkutano mkuu, tulikuwa tunabishana chini ya mkuyu nani apewe ardhi na nani anyimwe. Siku kilipogeuka mtaa, ule mkutano ukawa hauna tena nguvu juu ya ardhi. Tukaja kupimwa. Shamba langu la heka nne limetoka viwanja, nikapata baadhi, vingine vikaenda barabara, maeneo ya wazi na gharama za upimaji. Sikudhulumiwa kwa kusema hivyo, nilikubali kwenye kikao. Lakini sikujua nakubali nini. Nilidhani kupimwa ni kuwekewa mawe ya mipaka tu.

Mwanangu, ulizia kwanza kama hapo kwenu bado ni kijiji chenye cheti cha kijiji, au mmeshatangazwa eneo la mipango miji. Majibu yote yanaanzia hapo.

#17 Sura ya 123

Bibi, shikamoo, na asante. Naliongezea nyama.

Kama bado ni ardhi ya kijiji, kuigeuza kuwa ardhi ya jumla, yaani isiyo ya kijiji wala ya hifadhi, si jambo la mtendaji kubandika karatasi. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji kinataka notisi kwenye Gazeti la Serikali na nakala ifike halmashauri ya kijiji. Eneo likiwa hekta 250 au pungufu, Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, mkutano unatoa maoni na uamuzi unapanda kwa Waziri. Na ardhi haihamishwi mpaka fidia ikubaliwe.

Lakini inawezekana karatasi yenu haihusu huko kuhamisha ardhi, yaani uhaulishaji, kabisa. Inaweza kuwa ni mpango wa matumizi bora ya ardhi wa kijiji chenyewe unaorekebishwa, na huo lazima upite kwenye mkutano mkuu. Au ni eneo lililoiva kimji na sasa linaongozwa na Sheria ya Mipangomiji ya 2007. Hizi ni njia tatu tofauti na pingamizi linaandikwa tofauti kwa kila moja. Karatasi imesainiwa na nani, na imetaja sheria gani?

#18 Mwana wa Zabibu

Shikamoo bibi. Sura, picha imekatika chini. Sahihi haionekani. Kinachosomeka ni neno "Halmashauri" na muhuri nusu.

#19 Heka kwa Heka

Wakuu mimi ni dalali, msinipige mawe. Nina maelezo yangu, tofauti na ya Kokoto na ya Jiwe.

Halmashauri inatafuta mapato ya viwanja. Ni hilo tu. Ardhi karibu na barabara kubwa imepanda bei, watu wanajimegea vipande hovyo, makazi holela yanaota, na baadaye kurasimisha ni kazi kubwa kuliko kupanga mapema. Kwa hiyo wanawahi. Leseni za madini hazimo kichwani mwao kabisa. Ubao wa mtendaji ni mmoja kijiji kizima, kila tangazo linaishia hapo: chanjo ya mbuzi, orodha ya wapiga kura, leseni zilizokufa. Hayo makaratasi yamekutana kwa sababu ya ubao.

#20 Kokoto Ngumu

Heka kwa Heka si ndiye wewe uliyewanunulia watu ardhi kule Nala kwa bei ya mbuzi wawili na beberu?

#21 Heka kwa Heka

Beberu alikuwa mkubwa, Kokoto. Tuendelee na mada.

#22 Mzee wa Mkonze

Vijana, msimfukuze dalali, kasema jambo.

Mimi nimeishi chini ya mipango ya mji huu tangu mwanzo. Mwaka 1973 ikaamuliwa makao makuu yahamie Dodoma na CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ikaundwa. Mpango kabambe wa kwanza ulitoka 1976, ukaandaliwa na wataalamu wa Canada. Tuliambiwa hapa patakuwa ukanda wa kijani, hapa viwanda, hapa msilime. Tukaacha kulima. Miaka ikapita, viwanda havikuja, majani yakaota. Watu wakarudi kulima, halafu wakaitwa wavamizi kwenye mashamba ya babu zao. Hati za CDA zilikuwa za miaka 33, watu walikuwa wanalalamika kwamba wao ni wapangaji. CDA ilivunjwa 2018, kazi zikaenda manispaa, na sasa kuna mpango kabambe mpya, wa 2019 hadi 2039.

Mama wa Mwana wa Zabibu aliacha zabibu kwa ajili ya leseni. Sisi tuliacha mtama kwa ajili ya rangi kwenye ramani. Mwenye ramani hakuja kutuambia alipobadili mawazo.

#23 Jiwe la Kijani

Mzee, heshima yako. Dogo tu, CDA ilivunjwa Mei 2017. 2018 ndipo Dodoma ilipotangazwa jiji, Aprili 26, siku ya Muungano.

#24 Mzee wa Mkonze

Umesema kweli, nimechanganya. Asante.

#25 Jasi ya Itigi

Natoka Manyoni, mkoa wa Singida, kwetu madini ni jasi. Naona mnashangilia kwamba leseni imekufa. Mimi ningeanza kuogopa.

Leseni ikiisha muda, eneo linakuwa wazi kwenye mfumo. Mtu akiwa na simu Dar es Salaam au Mwanza anaweza kuliona na kuliombea, na anayetangulia kuomba ndiye anayetangulia kuangaliwa. Kwetu kuna mzee alikuwa na leseni ndogo ya jasi kwenye shamba lake mwenyewe. Muda ukaisha, hakujua tarehe, karatasi alikuwa kaifungia kwenye sanduku pamoja na cheti cha ndoa. Alipokwenda kuhuisha akakuta jina la mtu mwingine. Shamba ni lake, jasi ni ya mgeni. Walikaa meza moja, wakaelewana mgeni amlipe kwa kila lori, lakini mzee hakupona moyo.

Kwa hiyo kuna uwezekano wa nne, wakuu. Wala si jiji, wala si uzee wa leseni, wala si ubao. Huenda kuna mtu anasubiri hapo pawe wazi.

#26 Kijana wa Kibaigwa

Au wanataka kutugawia vijana. Waziri Mavunde si alishatangaza kufutwa kwa leseni na maombi yaliyolala, na kuna ule mpango wa MBT wa vijana na wanawake wapewe maeneo ya kuchimba. Mimi ningefurahi nikipata hata hekta moja.

#27 Rubi ya Winza

Kibaigwa, na mimi ni kijana, na ningependa maeneo yaliyolala tupewe. Mtu kukaa na eneo miaka tisa bila kulima wala kuchimba si haki. Ila mkipewa hekta hiyo, mtaanza kwa kwenda kumwona mama mwenye shamba au mtaanza na sululu? Naliuliza kwa moyo wote, maana waliokuja kwa baba yangu nao walikuwa vijana.

#28 Kijana wa Kibaigwa

Nitaanza na mama. Naahidi hapa mbele ya watu.

#29 Sura ya 123

Jasi ya Itigi, kisa chako kina uzito. Nirekebishe kidogo tu kwa wasomaji: kwa leseni ndogo pia, aliyeomba juu ya shamba la mtu bado anahitaji ridhaa ya mwenye shamba kabla ya kuchimba karibu na nyumba au mazao. Mzee huyo alikuwa na nguvu mezani kuliko alivyodhani. Na hati ya ardhi, hata ya miaka 99, haimpi mtu madini. Hapo ndipo wengi wanapoumia.

#30 Jasi ya Itigi

Nguvu ya sheria alikuwa nayo. Nauli ya kwenda Dodoma mara tatu hakuwa nayo.

#31 Bibi Shamba

Hilo.

#32 Msomaji wa Bahi

Niseme la kwetu kwa ufupi. Huku Bahi walitafuta urani miaka ile, kampuni ya Australia ilikuwa inazunguka, watu wakaogopa mpunga, wakaogopa maji, wakaogopa samaki wa bwawa. Mgodi haukufunguliwa. Sijawahi kuona karatasi ubaoni inayotuambia leseni ile imeishia wapi. Nyinyi wa Chamwino angalau mmebandikiwa. Na mimi kesho naenda kwa mtendaji wetu kuuliza, uzi huu umenipa moyo.

#33 Heka kwa Heka

Kuhusu fidia, kama itafika huko. Mthamini akija, msimwache azunguke peke yake. Hesabu ni ardhi, mazao, majengo, halafu posho ya usumbufu, posho ya usafiri, na kama kuna nyumba, posho ya malazi ya kodi ya miezi 36. Na uthamini ulioidhinishwa unakufa baada ya miaka miwili kama hamjalipwa, unafanywa upya. Watu wengi hawalijui hili, wanalipwa kwa bei ya zamani.

Mzabibu uliosimama una thamani kubwa kuliko alizeti. Ndiyo maana nasema aliyemshauri mama asipande alimtia hasara mara mbili.

#34 Kokoto Ngumu

Leo nakupigia makofi, dalali. Ila bado nasema zimepangwa.

#35 Mpima Mipaka

Nimerudi na majibu, mwenye uzi kaniruhusu niyaweke hapa.

Nimegeuza koodineti. Kwa namba mbichi kama zilivyosomwa kwenye simu, shamba lote la mama liko ndani ya leseni. Baada ya kugeuza kutoka Arc 1960, mstari unapita katikati ya shamba. Takriban heka mbili za juu, zenye mitaro, ziko ndani. Heka nne za bondeni ziko nje, na zilikuwa nje tangu siku ya kwanza.

Natahadharisha: kona ya shamba imepimwa kwa simu, na simu inaweza kukosea mita kadhaa. Lakini heka nne si mita kadhaa.

#36 Mwana wa Zabibu

Wakuu, nimekaa na ujumbe wa Mpima tangu jana.

Bondeni ndiko mama alikotaka zabibu. Kuna udongo mzuri na kisima kiko karibu.

Nimefunga safari leo asubuhi hadi kwa mtendaji. Karatasi ya madini ipo. Ya matumizi ya ardhi imebanduliwa. Mtendaji anasema ilibandikwa kimakosa, ilikuwa ya kijiji cha jirani. Mwenyekiti anasema si kimakosa, itarudi ikiwa imerekebishwa. Nimeomba muhtasari wa mkutano mkuu na orodha ya mahudhurio. Nimeambiwa nije Jumatatu. Nimeandika barua ya kuomba, nimegongewa muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu, Sura ya 123 alinielekeza hivyo faraghani.

#37 Kokoto Ngumu

Imebanduliwa! Si niliwaambia?

#38 Jiwe la Kijani

Kubanduliwa kunathibitisha nini, Kokoto? Kama wangekuwa wamepanga wangeiacha.

#39 Sura ya 123

Umefanya vizuri kuhusu muhuri. Ikifika Jumatatu wakikosa muhtasari, waandike kwamba haupo. Kutokuwepo kwake nako ni jibu. Na likiwa shauri, mkumbuke baraza la kata tangu 2021 linasuluhisha tu, haliamui. Kuamua ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

#40 Bibi Shamba

Mwanangu, mama anasemaje?

#41 Mwana wa Zabibu

Bibi, nilimweleza yote, heka mbili ndani, heka nne nje, karatasi imebanduliwa, Jumatatu. Akaniuliza swali moja tu: miche ya zabibu sasa hivi inauzwa shilingi ngapi.

Nikamwambia tusubiri kwanza tujue hilo tangazo la pili. Akasema amesubiri ya watu wengine miaka tisa.

Kuna mtu wa Hombolo au Makutupora humu?

#42 Mtu wa Hombolo

Nipo mkuu. Ninayo miche, vipandikizi vyake vimeshashika mizizi. Ile nyekundu ya kutengenezea mvinyo ipo, na ya kula mezani ipo kidogo. Bei tutaongea. Njoo Jumamosi mapema kabla ya jua, na uje na magunia yaliyoloweshwa maji.

#43 Mwana wa Zabibu

Jumamosi nipo. Nakuja na mama.